UKIULIZWA, UTAJIBU NINI?

Kijana mwenzangu, pengine umepewa karatasi hii hapa uwanjani, pengine umeikuta kwenye kiti cha basi. Usiitupe! Haikuombi pesa. Ina swali moja tu: siku ukiulizwa unaamini nini, utajibu nini?

Wengine hucheka, wakageuza mazungumzo. Wengine husema eti wao wanafuata dini ya wazazi, basi. Wengine wameokoka kweli, lakini wakiulizwa wanakuwa wakali kama pilipili, wanagombana na nyumba nzima. Hebu nikusimulie habari za binti mmoja aliyeulizwa swali hilo tena na tena, na kila alipojibu ilimgharimu.

Jina lake Perpetua. Aliishi hapa hapa barani Afrika, katika mji wa Karthago, ulioko Tunisia ya leo. Mwaka 203 alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Alitoka katika familia bora, amesoma, ameolewa, na alikuwa na mtoto wa kiume anayenyonya. Binti wa watu hakukosa kitu!

Siku hizo watawala walikuwa Warumi. Mkristo aliyekataa kutoa sadaka kwa ajili ya Kaisari aliweza kuuawa. Perpetua alikuwa bado anafundishwa imani, hata ubatizo bado, alipokamatwa pamoja na vijana wenzake. Mmoja wao alikuwa Felicitas, mtumwa, tena mja mzito.

Mtu wa kwanza kumwuliza hakuwa adui. Alikuwa baba yake mzazi. Mzee hakuwa Mkristo, lakini alimpenda binti huyu kuliko watoto wake wa kiume. Akamsihi aache mambo hayo. Perpetua hakumhubiria mzee kwa maneno makubwa. Aliona mtungi uko pale chini, akamwuliza baba yake kama chombo kile kinaweza kuitwa kwa jina lingine lisilo lake. Mzee akasema hapana. Basi, binti akamwambia kwamba na yeye ni hivyo hivyo: hawezi kujiita kitu kingine ila Mkristo. Mtungi tu! Mtoto mdogo angeelewa. Na baba yake alielewa sana, maana alimrukia kwa hasira kama anayetaka kumng'oa macho.

Siku chache baadaye Perpetua akabatizwa, kisha akatiwa gerezani. Giza, joto, watu wamebanana, na moyo wake ukiungua kwa ajili ya mtoto. Mashemasi wawili wakawapa askari pesa ili wafungwa wapate kupumzika kidogo mahali penye nafuu. Hapo ndipo alipoweza kumnyonyesha mwanawe.

Mzee akaja tena. Safari hii hakuwa mkali. Alimbusu binti yake mikono, akajitupa miguuni pake, akilia. Aliacha kumwita binti, akamwita bibi, kama mtumwa anavyomwita tajiri yake. Akamwomba azikumbuke mvi zake, amkumbuke mama yake na mtoto. Ndugu yangu, hasira ya mzazi unaweza kuivumilia. Machozi yake je? Perpetua aliumia sana. Hakumdharau mzee, hakumjibu jeuri. Alimfariji, akamwambia kwamba yatakayotokea yako mikononi mwa Mungu.

Ikafika siku ya hukumu, mbele ya watu wengi. Liwali Hilarianus akamwuliza waziwazi kama yeye ni Mkristo. Akajibu kwamba ndiye. Baba yake alikuwa pale, amembeba mtoto, bado anambembeleza. Liwali akaamuru mzee apigwe fimbo. Perpetua aliona uchungu kama vile amepigwa yeye. Wote wakahukumiwa kutupwa kwa wanyama wakali. Alipoomba aletewe mtoto, baba yake alikataa.

Felicitas naye aliulizwa. Alipokuwa akilia kwa uchungu wa kuzaa gerezani, mlinzi mmoja alimdhihaki kwamba kama hayo yanamliza, atafanyaje mbele ya wanyama? Akamjibu kwamba sasa anateseka peke yake, lakini siku ile atakuwepo Mwingine ndani yake, atakayeteseka kwa ajili yake. Akajifungua mtoto wa kike, dada mmoja wa imani akamlea.

Tarehe 7 Machi 203 wakaingizwa uwanjani. Ng'ombe jike mkali aliwarusha wanawake wale wawili. Perpetua alinyanyuka, akamshika mkono Felicitas, akamwinua. Mwishowe waliuawa kwa upanga.

Je, baba yake aliamini? Perpetua aliandika habari zake kwa mkono wake gerezani, na mtu mwingine akaandika mwisho wake, lakini hakuna mahali panaposema mzee aliokoka. Ila mkuu mmoja wa gereza, Pudens, aliamini. Na watu waliokuja kuwashangaa wafungwa kabla ya siku ya kufa, wengi wao waliamini.

Kijana, umeona? Imani haitaki Kiswahili kigumu wala kelele. Biblia, katika 1 Petro 3:15, inatuagiza tuwe na jibu kwa anayetuuliza juu ya tumaini letu, tena tujibu kwa upole na heshima. Kwa hiyo na wewe usiogope kuuliza! Mtu aliyeokoka ana deni la kukujibu, si la kukufokea. Mwulize huyo aliyekupa karatasi hii, Yesu amemfanyia nini. Usiridhike na maneno ya kukariri.

Kisha jiulize mwenyewe. Wewe ni mtungi wa nini? Huwezi kusimama kwa imani ya mama yako, wala ya rafiki zako wa kijiweni. Yesu alikufa kwa ajili yako, akafufuka, na leo anakuita kwa jina lako. Hatukuandikii sala hapa uifuatishe. Ingia mahali pa faragha, zungumza naye kwa maneno yako mwenyewe: mweleze dhambi zako, mwambie unamhitaji, mkaribishe moyoni. Anasikia hata Kiswahili cha mtaani!

Na kesho wakikuuliza umepatwa na nini, utakuwa na jibu.

BWANA AKUBARIKI.