Mama Kevina na wakunga wa Nsambya

Mama, ukisimama mwaloni Mwigobero, ng'ambo ya ziwa hilo ni Uganda. Huko alifika mwaka 1903 sista Mwairishi, Teresa Kearney, aliyeitwa Mama Kevina.

Alizaliwa mwaka 1875, baba yake akiwa ameshafariki miezi mitatu nyuma. Yaani mama yake alijifungua akiwa mjane. Alipokuwa na miaka kumi mama naye akafariki, akalelewa na bibi.

Yeye na masista wenzake watano walifungua zahanati Nsambya, Kampala. Wajawazito walikuwepo, shida zao zilionekana, lakini Kanisa Katoliki wakati huo liliwakataza masista kuzalisha. Ruhusa ilitoka mwaka 1936 tu! Mama Kevina hakuingoja. Mwaka 1919 alikuja Dkt. Evelyn Connolly, ambaye hakuwa sista, na wasichana wa Uganda wakaanza kufundishwa ukunga.

Mkunga aliyesomea anapima presha, anatambua uchungu uliokwama, anajua la kufanya damu ikizidi. Ndiyo maana ukijijua una mimba, hata kama mwenzio amekuacha, anza kliniki kabla ya wiki ya 12. Ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana au mtoto akiacha kucheza, nenda mara moja, usingoje.

Mwaka 1923 alianzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, wakiwa wasichana wanane wa Uganda. Leo wanahudumu hadi Tanzania. Alifariki Marekani mwaka 1957, mwili ukarudishwa kuzikwa Nkokonjeru, Uganda.