Gijubhai Badheka: Mama Mwenye Masharubu

Sisi tuliolelewa katika nyumba za Kigujarati twalijua neno mandir kuwa ni hekalu, na majirani zetu, kwa kuishi nasi miaka mingi, nao wamelizoea. Lakini alikuwapo mtu mmoja aliyelichukua neno hilo takatifu akaipa shule ya watoto wadogo. Aliiita Bal Mandir, maana yake hekalu la watoto. Katika kuadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, nimeona inafaa kuyakumbuka maisha ya mtu huyo, hasa kwa kuwa katika ujana wake aliwahi kuikanyaga ardhi hii ya Afrika ya Mashariki.

Jina lake kamili lilikuwa Girijashankar Bhagwanji Badheka, lakini watu walimwita Gijubhai. Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1885 katika kijiji cha Chital, Saurashtra, magharibi ya Gujarat. Shule za vijiji za zama zile zilikuwa na mtindo mmoja. Watoto waliketi chini, wakaimba jedwali za kuzidisha kwa sauti kuu, na aliyekosea alionja fimbo. Hawakukariri namba nzima tu, bali pia jedwali za robo, za nusu, za robo tatu, za moja na robo na za moja na nusu, kwa kuwa wengi wao walitazamiwa kuingia dukani.

Mwaka 1907 Gijubhai alivuka bahari kuja Afrika ya Mashariki kutafuta riziki, kama walivyofanya babu zetu wengi katika miaka hiyo. Yeye hakukaa. Mwaka 1909 alirejea India, akasomea sheria Bombay, kisha akafanya kazi ya uwakili katika mji wa Wadhwan. Kazi ilimwendea vizuri, na lau si jambo moja angaliishi na kufa akiwa wakili.

Jambo hilo lilikuwa ni kuzaliwa kwa mwanawe, Narendra, mwaka 1913. Baba huyu alianza kujiuliza mtoto wake atasomeshwa wapi na kwa namna gani, naye hakuwa radhi kumpeleka penye bakora. Katika kutafuta, alikutana na maandishi ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, mwaka uleule ambao Gijubhai alisafiri kuja huku kwetu.

Mwaka 1916 aliuacha uwakili akajiunga na Dakshinamurti, taasisi ya elimu iliyoanzishwa na Nanabhai Bhatt mjini Bhavnagar. Hapo kwanza aliongoza shule ya vijana wakubwa. Akaona kwamba wengi wamefika kwake wakiwa wamekwisha kuharibika: wana kumbukumbu ya majibu lakini hawana ujasiri wa kulitafuta jibu wenyewe. Basi akaamua kushuka hadi kwenye mzizi. Mwaka 1920 alianzisha Bal Mandir kwa ajili ya watoto wadogo, na mwaka 1922 jengo lake, karibu na kilima cha hekalu la Takhteshwar, lilifunguliwa na Kasturba Gandhi.

Humo hesabu ilianza mikononi kabla ya kufika kinywani. Miongoni mwa vifaa vya Montessori zilikuwamo fito kumi za mbao, fupi kupita zote ikiwa na sentimita 10 na ndefu kupita zote mita 1, zilizopakwa nyekundu na buluu kwa zamu. Mtoto alizipanga kama ngazi. Akichukua ufito wa tisa akauongezea wa moja, hupata urefu uleule wa kumi. Wa nane na wa wawili vilevile, wa saba na wa tatu, wa sita na wa nne. Wa tano hubaki peke yake bila mwenzi, na mtoto hukaa akafikiri kwa nini. Zilikuwapo pia shanga: moja iliyo peke yake, kumi katika uzi mmoja, mia katika mraba, elfu katika mchemraba. Aliyeushika mchemraba wa elfu alijua kwa uzito wake kwamba elfu si neno tu.

Faida kubwa ya vifaa hivyo ni kwamba kosa hujionyesha lenyewe. Ufito ukizidi au ukipungua, mtoto huona kwa macho yake, akaubomoa mpango wake akaanza upya. Hana haja ya kutazama uso wa mwalimu ili ajue kama amepata au amekosa. Mazoezi yalikuwapo, tena mengi, lakini yalirudiwa kwa kupenda. Gijubhai aliongeza hadithi, michezo, nyimbo na maigizo ya kwao, ili elimu isiwe vazi la kuazima. Alikataa adhabu, na alikataa pia zawadi na mashindano, kwani aliona kuwa mtoto anayekimbilia tuzo huacha kuitazama kazi yenyewe.

Watoto walimpenda kama mzazi, na watu wa Gujarat wakampa jina la mama mwenye masharubu. Pamoja na Tarabai Modak alifundisha walimu na kueneza malezi mapya. Aliandika karibu vitabu 200, vingi vikiwa vya watoto, vingine vya wazazi na walimu. Maarufu zaidi ni Divaswapna, yaani ndoto ya mchana, hadithi ya mwalimu anayeomba ruhusa ya kujaribu njia mpya katika darasa la nne la shule ya kawaida. Alifariki tarehe 23 Juni 1939, akiwa na umri wa miaka 53. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Maria Montessori mwenyewe aliwasili India.

Nami ni mfanyabiashara, si mwalimu. Nilifundishwa jedwali kwa fimbo, na siwezi kukana kwamba zilinifaa kaunta. Lakini nimeona pia vijana wanaozijua jedwali zote wakasimama wasijue la kufanya mzigo ukifika na idadi isiyolingana na hati. Kukariri walifundishwa, ila kulikabili tatizo hawakufundishwa. Leo twawapeleka watoto wa miaka minne masomo ya ziada jioni, nao hurudi wakilia. Twadhani twawajengea akili, kumbe twawajengea hofu.

Haihitaji fedha nyingi kumfuata Gijubhai. Kibaba cha maharage, kokoto za uani, chenji ya sokoni, maua ya kugawanya sawasawa kwenye sinia za ibada: hivyo vyatosha. Mpe mtoto, kaa karibu naye, na akikosea ufunge mdomo kidogo mpaka agundue mwenyewe. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mwaka twalipaka rangi hekalu hili na kulipamba kwa taa. Tusilisahau lile jingine, dogo, linaloketi nasi mezani likihesabu kwa vidole.