Mali ya Lewis Tappan na Sauti ya Mateka

Juni 1873 ni mwezi wenye uzito katika historia ya Visiwa vyetu. Tarehe 5 ya mwezi huo Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Mkunazini. Siku 16 baadaye, huko Brooklyn, Marekani, alifariki mzee wa miaka 85 aliyekuwa ametumia mali yake kupambana na biashara iyo hiyo. Jina lake Lewis Tappan, na tunaona yafaa wasomaji wetu wamjue.

Tappan alizaliwa mwaka 1788 Northampton, Massachusetts. Viwanda vya jimbo hilo ndivyo vilivyofuma nguo ya merikani waliyoivaa wazee wetu, na pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Yeye na kaka yake Arthur walitajirika mjini New York kwa kuuza hariri, na wateja wao wengi walitoka huko huko Kusini. Kwa hesabu ya faida, ilimpasa anyamaze.

Hakunyamaza. Mwaka 1833 ndugu hao walishiriki kuasisi Chama cha Marekani cha Kupinga Utumwa, wakagharimia magazeti na vijitabu vyake. Malipo hayakuchelewa. Julai 1834 kundi la wahuni lilivunja nyumba ya Lewis, likatoa samani na kuzichoma moto barabarani. Yeye aliiacha nyumba vile vile ilivyovunjwa msimu mzima, wapitao wajionee wenyewe matunda ya utumwa. Wafanyabiashara wa Kusini waliisusia kampuni yao, na msukosuko wa fedha wa 1837 ukaiangusha. Tappan alisimama tena mwaka 1841 kwa kuanzisha wakala wa kukusanya habari za wafanyabiashara, nani hulipa madeni yake na nani halipi.

Lakini kazi iliyolidumisha jina lake ni ya merikebu Amistad. Mwaka 1839 Waafrika 53, wengi wao Wamende kutoka nchi ambayo leo ni Sierra Leone, walinunuliwa Havana na kupakiwa humo. Wakiongozwa na Sengbe Pieh waliiteka merikebu, lakini wakakamatwa karibu na pwani ya Marekani na kutiwa gerezani. Hispania ilidai warudishwe, na serikali ya Marekani iliunga mkono dai hilo.

Tappan na wenzake wawili waliunda kamati, wakachangisha fedha na kuweka mawakili. Hata hivyo, hapakuwa na mtu aliyeijua lugha ya mateka. Profesa Josiah Gibbs alijifunza kwao kuhesabu moja hadi kumi, akazunguka bandarini akizitamka namba hizo, mpaka akampata baharia James Covey, msemaji wa Kimende aliyewahi kuwa mtumwa. Tangu hapo wafungwa wakaweza kueleza wenyewe walikotoka. Rais wa zamani John Quincy Adams aliwatetea katika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 9 Machi 1841 wakatangazwa kuwa watu huru. Kamati ikachangisha tena nauli, na Januari 1842 watu 35 waliobaki wakafika Freetown.

Baada ya hapo Tappan alishiriki kuunda Jumuiya ya Wamisionari ya Marekani mwaka 1846. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, jumuiya hiyo ilisaidia kuanzisha shule za watu walioachwa huru, zikiwamo Fisk na Hampton.

Hatumtukuzi tajiri kwa utajiri wake. Mateka wale walijikomboa kwa mikono yao baharini kabla Tappan hajasikia habari zao. Sifa yake ni kwamba mali yake iliwatafutia mkalimani na wakili, wakasikika, nayo ilimgharimu nyumba na wateja.

Sote tulifundishwa chuoni kwamba sadaka hubatilika kwa masimango. Leo wafadhili ni wengi, na vibao vyenye majina yao ni vingi zaidi. Twawaomba wenye dhamana serikalini, kila msaada unapofika, waulize kwanza kama wanaosaidiwa wamesikilizwa. Mnyonge akinyamazishwa kwa zawadi, hajawa huru.