Mary Mahoney: kutoka kufagia wodi mpaka unesi

Kuna swali ambalo vijana wa nyumbani wananitumia karibu kila wiki: eti ni kweli huku Marekani mtu anaweza kuwa nesi kamili, yule aliyesajiliwa na serikali ya jimbo, kwa kusoma miaka miwili tu? Jibu ni ndiyo. Mimi mwenyewe ndiyo njia ninayopita sasa hivi. Ila hilo neno tu ndilo linalopoteza watu. Kwa hiyo leo, badala ya kuwapangia orodha ya masomo na ada, naomba niwape stori ya mama mmoja aliyesomea unesi kabla babu zetu hawajazaliwa. Anaitwa Mary Eliza Mahoney.

Mary alizaliwa mwaka 1845 huko Dorchester, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Boston, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake waliwahi kuwa watumwa North Carolina, wakapata uhuru wao, wakahamia kaskazini kutafuta maisha. Uangalie vizuri huo mwaka. Utumwa ulifutwa kwenye katiba ya Marekani mwaka 1865, maana yake huyu dada alifikisha miaka 20 huku watu wa rangi yake kule kusini ndiyo kwanza wanatoka kwenye minyororo. Boston kulikuwa na nafuu kidogo. Kuanzia 1855 watoto weusi waliruhusiwa kusoma darasa moja na wazungu, naye alisoma Phillips School, mojawapo ya shule za mwanzo kuchanganya watoto.

Inasemekana tangu usichana alikuwa anautaka unesi. Lakini unautaka vipi wakati shule zenyewe hazipo? Enzi hizo nesi alikuwa mtu yeyote aliyekubali kukaa na mgonjwa. Mary akaenda kuomba kazi kwenye hospitali iitwayo New England Hospital for Women and Children, iliyofunguliwa mwaka 1862 na daktari mwanamke, Marie Zakrzewska. Akapewa kazi. Kazi gani? Kupika, kufua mashuka, kusafisha. Huku ughaibuni tunaita kubeba boksi. Mama wa watu kabeba boksi kama miaka 15 hivi! Ila alikuwa pia anawasaidia manesi, anaona wanavyofanya, na kidogo kidogo akawa anajua mambo ya wodini.

Mwaka 1872 hospitali hiyo ikaanzisha shule ya unesi, na mwaka uliofuata mhitimu wake wa kwanza, Linda Richards, akapata cheti. Mary alikuja kupokelewa mwaka 1878. Alikuwa ameshavuka miaka 30. Kwa hesabu za mtaani kwetu hapo ungeshaambiwa umri umekwenda, tafuta biashara ndogo ukae.

Sasa sikieni hiyo shule. Mafunzo yalikuwa ya miezi 16. Siku ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuisha saa tatu na nusu usiku. Mwanafunzi anahudumia wagonjwa wodini, anakaa kwenye mihadhara ya madaktari, anazunguka wodi ya magonjwa ya kawaida, ya upasuaji na ya wazazi. Miezi ya mwisho anatumwa kwenye nyumba za watu kuuguza huko. Kundi lake lilianza na wanafunzi 42. Waliomaliza na kupata cheti mwezi Agosti 1879 walikuwa 4. Wanne jamani! Na mmoja wao ni yule aliyekuwa anafua mashuka, mwanamke mfupi ambaye uzito wake haukufika kilo 50. Hapo ndipo alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuwa na cheti cha unesi wa kitaaluma.

Nikija kwenye hii njia yetu ya miaka miwili, nayo ina historia yake. Ilibuniwa na mwalimu wa manesi aitwaye Mildred Montag, ambaye aliandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1951, miaka michache baada ya vita kuu, manesi wakiwa hawatoshi. Wazo lake: mafunzo yatoke mikononi mwa hospitali, yaende kwenye vyuo vidogo vya jamii, mtu asome miaka miwili apate digrii ndogo. Majaribio yakaanza 1952, na leo vyuo hivyo vimejaa Wakenya, Watanzania, Wakongo, Wanaijeria na Wamarekani wenyewe.

Miaka miwili hiyo inahesabiwa ukishaingia. Kabla ya kuingia kuna anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na mengine, mara nyingi unakula mwaka mzima au zaidi. Ukiingia, ni kama Mary tu: darasani, halafu wodi ya watu wazima, upasuaji, wazazi, watoto, afya ya akili. Ukimaliza, unafanya mtihani wa leseni uleule anaofanya mwenye shahada ya miaka minne. Unafanyika kwenye kompyuta, na tangu 2023 una maswali kati ya 85 na 150. Kompyuta inakupima kadiri unavyojibu, haikuambii itakukatia wapi. Na msidanganyike, hospitali nyingi kubwa zinapendelea shahada ya miaka minne, ndiyo maana wengi wanaendelea kusoma wakiwa tayari kazini.

Mimi usiku ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Nageuza wazee, nawaogesha, nabadilisha mashuka. Kuna mwenzetu mmoja aliwahi kunicheka mbele za watu kwamba nimevuka bahari kuja kuosha wazungu. Nilicheka naye, nikaenda zangu. Lakini kitandani ndiyo nimejifunza kuona mgonjwa anapumua tofauti na jana, na mwalimu alipokuja kulieleza hilo darasani, mimi nilikuwa nalijua kwa macho. Miaka 15 ya Mary naielewa kwa namna hiyo. Naona ilikuwa shule ambayo hakuna aliyeiita shule.

Cheti hakikummalizia matatizo. Hospitali nyingi zilikuwa hazitaki nesi mweusi, kwa hiyo aliuguza watu majumbani, tena kwa miaka mingi. Na huko majumbani wenye nyumba walikuwa wanamchukulia kama mtumishi wa ndani. Alikuwa hali chakula na watumishi, anakula peke yake jikoni. Si kwamba aliwadharau, yeye mwenyewe alitoka hukohuko. Alitaka ieleweke kwamba amekuja kwa kazi ya kitaaluma. Sifa zake zikasambaa mpaka familia za majimbo mengine zikawa zinamwita.

Mwaka 1908 manesi weusi waliunda chama chao cha taifa, kwa kuwa vyama vilivyokuwepo havikuwapokea vizuri. Mkutano wao mkuu wa kwanza ulifanyika Boston mwaka 1909, na aliyewakaribisha kwa hotuba ni Mary. Wakampa uanachama wa maisha na kumfanya kiongozi wao wa kiroho. Kuanzia 1911 hadi 1912 alisimamia kituo cha yatima weusi huko New York. Na wanawake wa Marekani waliporuhusiwa kupiga kura mwaka 1920, bibi huyu, umri umeshapita miaka 70, alikuwa kati ya wanawake wa mwanzo kujiandikisha Boston.

Alifariki Januari 1926 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 80. Mwaka 1936 chama chao kilianzisha tuzo yenye jina lake, na chama cha manesi wa Marekani kiliirithi vilipoungana mwaka 1951.

Kwa hiyo wale mnaouliza kama miaka miwili ni mifupi: ni mifupi kwenye kalenda. Yeye alisoma miezi 16 tu, na wenzake 38 hawakufika mwisho. Kama unaitaka kazi hii, anza na Biolojia na Kemia uliyonayo hapo ulipo, na ukipewa ufagio kwanza, ushike huku macho yako yakiwa wodini. Kama huitaki kwa moyo, kuna njia nyingine za kutafuta hela, mgonjwa si mahali pa kujaribia.

Mwenye swali kuhusu masomo aweke hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Na mliosomea unesi Muhimbili, KCMC, Nairobi au kwingineko, tuambieni kundi lenu mlianza wangapi na mkamaliza wangapi.