Livingstone na Sanduku la Dawa

Je, ukiambiwa kwamba kesho utasafiri kwa mashua kutoka Msimbati hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma, utachukua vitu gani? Bila shaka utakumbuka chakula na maji ya kunywa. Lakini yakupasa kujiuliza swali jingine pia: kitu kimoja kikipotea au kikiharibika njiani, utabaki na kipi cha kukuokoa? Soma sasa habari za msafiri mmoja wa zamani aliyepita katika pwani hiyo ya Mtwara, nawe utaona uzito wa swali hilo.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, huko Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akifanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Baada ya kazi alikwenda kusoma. Kwa bidii hiyo alipata kuwa daktari na mmisionari, na mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini.

Mwezi wa Novemba 1853 Livingstone aliondoka Linyanti, karibu na Mto Chobe, pamoja na watu 27, kwenda Luanda katika pwani ya Angola. Tazama jinsi alivyofunga mizigo yake. Alichukua masanduku manne madogo ya bati. Bati halipitishi maji ya mvua wala haliliwi na mchwa. Sanduku moja lilikuwa na nguo, la pili dawa, la tatu vitabu, na la nne taa ya kuonyeshea picha. Alichukua pia dira, kipimajoto, saa, na chombo cha kupimia pembe za jua na nyota ili ajue mahali alipo. Baruti hakuiweka mahali pamoja. Aliigawa katika mizigo yote, ili mzigo mmoja ukipatwa na ajali, sehemu nyingine ya baruti ibaki salama. Walifika Luanda tarehe 31 Mei 1854.

Mwaka 1861 na tena mwaka 1862 Livingstone alijaribu kuupanda Mto Ruvuma kwa vyombo vya majini, lakini uchache wa maji na mafungu ya mchanga vilimzuia. Tarehe 22 Machi 1866 alifika tena kwenye mlango wa mto huo, akitoka Unguja. Safari hii alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda. Matope na mikoko havikuruhusu wanyama hao kushuka. Basi meli ikageuka kaskazini, nao wakashuka katika ghuba ya Mikindani siku mbili baadaye.

Mwanzoni mwa Aprili msafara uliondoka Mikindani. Wamakonde waliajiriwa kukata vichaka ili ngamia wapate kupita. Livingstone alitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kustahimili kuumwa na mbung'o. Lakini jaribio lake halikutoa jibu wazi, kwa sababu wanyama walipigwa na kubebeshwa mizigo mizito kupita kiasi. Walipokufa, ilikuwa vigumu kusema kama waliuawa na mbung'o au na mateso. Kumbuka jambo hili kila ufanyapo jaribio: chunguza sababu moja kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo watu kadhaa kutoka Visiwa vya Komoro waliuacha msafara wakarudi Unguja, wakatangaza kwamba Livingstone ameuawa. Naye alikuwa hai! Lakini alikuwa mbali barani, bila njia ya kuwajulisha watu upesi kwamba yu mzima. Wakati ule barua ilichukuliwa na misafara iendayo kwa miguu, ikachukua miezi mingi, na mara nyingine haikufika kabisa. Mwaka 1867 watu walitumwa kutoka Uingereza kumtafuta, ndipo ikajulikana kuwa habari ile ilikuwa ya uongo.

Tarehe 20 Januari 1867 msafara ulikuwa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mvua ilikuwa nyingi na chakula kilikuwa haba. Mpagazi aliyechukua sanduku la dawa alikuwa mtu mwangalifu sana. Asubuhi ile mwenzake alimwomba wabadilishane mizigo, naye akakubali. Kisha wapagazi wawili wakatoroka msituni na mizigo yao. Walichukua bunduki mbili, unga, vyombo, sanduku la baruti na sanduku la dawa. Wenzao waliwatafuta, lakini msitu ulikuwa mnene, na mvua ilikuwa imefuta nyayo zote. Livingstone hakuwalaumu sana wapagazi wale, kwa kuwa waliuzwa utumwani wangali wadogo, na maisha hayo hayakuwafundisha uaminifu.

Kati ya vitu vyote hivyo, upotevu wa dawa ndio uliomwumiza zaidi. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na kwinini, dawa itokayo katika magome ya mti, ambayo hutibu malaria. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Hata hivyo, Livingstone alijua kwa uzoefu kwamba kwinini huokoa maisha. Aliona kama mtu aliyehukumiwa kufa.

Sasa fikiri. Mwaka 1853 baruti iligawanywa katika mizigo yote. Mwaka 1867 dawa, iliyokuwa na thamani kuliko baruti, ilikuwa katika sanduku moja, mikononi mwa mtu mmoja. Kama kila mpagazi angekuwa na kichupa kidogo cha kwinini, dawa isingekwisha siku ile.

Miezi michache baadaye, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, homa ilimshika Livingstone hata akazimia, naye hakuwa na dawa. Tangu hapo afya yake iliendelea kudhoofika. Mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta Ujiji, akampa dawa na vifaa, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuchoka. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia. Susi na Chuma, waliosafiri naye tangu Mikindani, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wake na daftari zake hadi Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Alizikwa London tarehe 18 Aprili mwaka huo.

Kuchagua vifaa vya safari

Ukisafiri baharini, mtoni au porini, fuata kanuni hizi:

1. Gawanya vitu vya kuokoa maisha. Maji, dawa na viberiti visiwe katika mfuko mmoja tu.

2. Chagua kifaa kitakachofanya kazi mahali uendapo. Katika mikoko ya Ruvuma kuni ni mbichi na ardhi ni matope, hivyo moto ni mgumu kuwasha. Firimbi hufanya kazi hata ikilowa. Sauti yake kali husikika mbali kuliko sauti ya mtu, na mpigaji hachoki upesi. Kioo huakisi mwanga wa jua, nao huonekana kutoka mbali mchana. Usiku tumia tochi.

3. Jifunze ishara kabla ya safari. Ishara inayorudiwa mara tatu, ikafuatwa na kimya, kisha mara tatu tena, hutambulika mahali pengi kuwa ni ya kuomba msaada.

4. Usitegemee kifaa kimoja. Simu ya mkononi yafaa sana, na namba ya dharura nchini Tanzania ni 112. Lakini simu haifai kitu betri ikiisha, ikilowa, au pasipokuwa na mtandao.

5. Chomboni vaa jaketi okozi tangu mwanzo wa safari. Waambie watu wa nyumbani uendako na saa utakayorudi.

Jaribio

Chukua njiti mbili za kiberiti. Moja ifunge katika karatasi. Nyingine itie katika chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana. Viweke vyote viwili ndani ya beseni la maji kwa dakika 10. Kisha mwombe mwalimu ajaribu kuwasha njiti hizo. Ipi imewaka? Kwa nini?

Maswali

1. Kwa nini Livingstone aliigawa baruti katika mizigo yote mwaka 1853?
2. Kwa nini jaribio la wanyama na mbung'o halikutoa jibu wazi?
3. Eleza madhara ya kupotea kwa sanduku la dawa.
4. Taja vifaa vitatu vya kuomba msaada visivyohitaji betri.
5. Wenzako watano wanakwenda kuvua Msimbati. Andika vitu watakavyochukua, na uonyeshe kila kimoja kitabebwa na nani.