Conrad Kohrs: Muuza bucha aliyemiliki ranchi kando ya Clark Fork

MWAKA 1862 kijana mzaliwa wa Holstein, jimbo ambalo leo liko Ujerumani, aliingia Bannack, kambi ya wachimba dhahabu huko Montana, Marekani, mfukoni hana kitu. Dhahabu alikuwa ameitafuta kwingine akaikosa. Conrad Kohrs akakubali kazi ya bucha kwa dola 25 kwa mwezi.

Tajiri wake alipoukimbia mji, Kohrs aliishika biashara. Wachimbaji walikuwa na dhahabu lakini nyama ilikuwa adimu, naye akawa anasafiri usiku na mchana kutafuta ng'ombe na kufungua mabucha katika kambi nyingine. Mwaka 1866 alinunua kwa dola 19,200 ranchi ya Johnny Grant, kando ya mto Clark Fork, karibu na Deer Lodge. Grant naye hakuwa mjinga wa biashara: aliwapa wasafiri ng'ombe mmoja mnono kwa wawili waliochoka, kisha akawanenepesha hao wawili.

Kohrs alishirikiana na John Bielenberg, ndugu yake wa mama mmoja. Ng'ombe wao walichungwa katika ardhi ya wazi inayokadiriwa kufikia ekari milioni 10, sehemu kubwa ikiwa ya serikali. Kwa mwaka walipeleka Chicago kwa treni hadi ng'ombe 10,000. Malisho yalikuwa ya bure, na kwa sababu hiyo kila mfugaji alijaza mifugo bila kipimo.

Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu. Ikafuata theluji iliyofunika nyasi miezi kadhaa, ng'ombe wakafa kwa maelfu na wafugaji wengi wakafilisika. Kohrs naye alipigwa vibaya. A.J. Davis, mwenye benki wa mji wa Butte, alimkopesha dola 100,000 kwa kuaminiana tu, na deni lote likalipwa ndani ya miaka minne. Tangu hapo kukata nyasi na kuziweka akiba ya majira ya baridi kukawa jambo la lazima.

Utajiri wa Davis ulitoka kwenye migodi ya Butte, upande wa juu wa mto huohuo. Mwaka 1908, Kohrs angali hai, mafuriko yalisomba mabaki ya migodi na kuyamwaga kwenye kingo. Tope hilo lilikuwa na shaba na aseniki. Lilipotuama, ardhi ikawa na vipara visivyoota nyasi.

Kohrs alifariki mwaka 1920, sehemu kubwa ya ardhi ikiwa imeshauzwa kadiri walowezi walivyoweka nyua. Mjukuu wake, Conrad Warren, aliendeleza ufugaji, na mwaka 1972 Bunge la Marekani likaifanya ranchi hiyo eneo la kihistoria la taifa. Ng'ombe bado wanafugwa na nyasi zinakatwa. Katika miaka ya karibuni tope la 1908 limekuwa likichimbwa kwenye kingo na kuondolewa, kisha udongo safi unawekwa na mimea inapandwa upya.