Friedrich Fröbel na Kazi za Mikono za Watoto Wadogo

Tunapoandaa somo la sanaa kwa watoto wa chekechea, sisi walimu hujiuliza kwanza vifaa tutavipata wapi. Kabla ya kuulalamikia upungufu huo, yafaa tuyatazame maisha ya Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyejenga elimu ya watoto wadogo juu ya karatasi, udongo na vijiti.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, jimboni Thuringia. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba yake, mchungaji wa Kilutheri, alizongwa na kazi za kanisa. Mtoto akakua mpweke, akiifanya miti na maua kuwa wenzake. Alipofikia umri wa miaka 15 alipelekwa kujifunza kazi ya misitu. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena, lakini fedha zilimwishia, akafungwa kwa ajili ya deni.

Mwaka 1805 alianza kufundisha mjini Frankfurt, ndipo alipoutambua wito wake. Alikwenda Yverdon, Uswisi, kwa mwalimu mashuhuri Pestalozzi, akarejea huko na kukaa kuanzia 1808 hadi 1810. Huko aliona kwamba mtoto hujifunza kwa kutazama na kugusa kabla ya kuelezwa. Baadaye alifanya kazi katika makumbusho ya madini mjini Berlin, na umbo kamili la fuwele likamwingia moyoni.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 55, alifungua mahali pa watoto wadogo huko Blankenburg. Mwaka 1840 akapaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Kifaa cha kwanza kilikuwa mipira sita ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Ukafuata mti uliochongwa: tufe, mchemraba na mcheduara. Kisha mchemraba uliogawanyika kuwa vipande vidogo vinane. Kwa vipande hivyo mtoto alijenga kiti, akakigeuza kuwa nyumba, na nyumba ikawa kisima, pasipo kuongeza wala kutupa kipande hata kimoja.

Pamoja na hayo watoto walikunja karatasi, walisuka vipande vyake kama mkeka, walishona picha kwa uzi wa rangi, walifinyanga udongo na kuunganisha vijiti kwa njegere zilizolowekwa.

Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo, ikimchanganya Fröbel na Karl, mtoto wa ndugu yake, ambaye maandishi yake yaliwachukiza watawala. Mzee alijitetea bila kusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1860.

Hata hivyo, si watawala peke yao walioidhuru kazi yake. Baada ya kifo chake walimu wengi waliishika mipango yake kwa ukali: darasa zima likunje karatasi ileile, kwa amri moja, hatua kwa hatua. Vifaa vilibaki, mchezo ukatoweka.

Kosa hilo twaweza kulitenda sisi pia, tunapochora ua ubaoni na kuwataka watoto wote walinakili. Udongo wa kufinyangia, mbegu, majani makavu na ukindu havihitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni mwalimu aoneshe namna ya kukunja au kusuka mara moja, kisha arudi nyuma. Mtoto akifinyanga ng'ombe mwenye miguu mitano, tusiukate mguu wa tano. Tumwombe atusimulie habari za ng'ombe wake. Katika mazoezi yajayo ya kufundisha, tujaribu somo moja la namna hiyo, tuandike yale watoto waliyoyabuni wenyewe.